Stoo Inanong'ona

Jumatatu, 7 Septemba

Nimepewa Stoo. Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla ya kengele, akanisifu weee, nikajua papo hapo kwamba pana jambo, maana mkuu wetu hasifu mtu bure. "Mwalimu, wewe una moyo," akasema. Hapa shuleni mwenye moyo ndiye anayebebeshwa walichokikataa wenzake.

Stoo ni chumba cha mwisho kwenye korido. Zamani yalitupwa humo madawati mabovu. Siku hizi madawati mabovu yamo humo humo, ila wameongezwa wanafunzi wa kuyakalia. Ni watoto wa kidato cha mwisho waliofeli wakarudia, waliofukuzwa shule nyingine, waliokamatwa na bangi, mmoja aliyempiga mwalimu wa zamu, na mmoja aliyejifungua mwaka juzi. Kwenye karatasi za ofisi wanaitwa Mkondo D. Wao wenyewe hujiita Stoo, na ukiwaita vingine hawaitiki.

Oktoba wana mtihani wa mchujo. Atakayepita ataandika mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na asiyepita ndiyo basi, arudi kwao. Kazi yangu ni kuwavusha kwenye lugha, somo ambalo ukilifeli hata ukipata mia kwenye mengine umefeli yote.

Nilipomsimulia mdogo wangu jioni, alikuwa sebuleni anamsuka mteja. Hakuinua hata macho. "Una moyo? Wewe, dada? Mwambie mkuu mimi naishi nawe, na sijauona." Mteja akacheka mpaka nywele zikamponyoka mdogo wangu mkononi.

Jumanne, 8 Septemba

Nusu hawakuja. Waliokuja walilala.

Alhamisi, 10 Septemba

Leo nimejivunia kitu. Mkuu alipita chumba cha walimu na tangazo la ofisi ya mitihani. Kila mwaka wanaruhusu watahiniwa wenye shida, iwe ya macho, ya masikio au ya kusoma, wakae chumba cha peke yao na msimamizi wao, wasomewe maswali au wajisomee kwa sauti. Majina yapelekwe kabla mwezi haujaisha. "Stoo wapo wangapi?" akaniuliza.

Mwalimu wa hesabu akadakia, "Si tayari wana chumba cha peke yao!" Walimu wote wakaangua kicheko, na huyo bwana anajua kucheka kuliko kufundisha. Damu ikanipanda. Nikasema hakuna hata mmoja, wanafunzi wangu si wagonjwa. Mkuu akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika.

Jumatatu, 14 Septemba

Kuna kijana pale tunamwita Wakili. Mrefu, mwembamba, na ubishi alizaliwa nao.

"Mwalimu, swali."

"Uliza."

"Huu ufahamu, mtu akiuelewa anapewa nini?"

"Anapewa alama."

"Na hizo alama, anampa nani?"

Darasa zima kelele. Nikamtoa nje. Akaendelea kubisha kupitia dirishani, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hoja zake zilikuwa nzuri kuliko somo langu. Simpendi. Najua mwalimu hatakiwi kuandika hivyo, lakini shajara hii ni yangu.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimewapa jaribio. Nimesahihisha nikiwa jikoni, chai ikapoa. Waliopita wanahesabika kwa vidole na vidole vinabaki.

Iliyoniumiza ni karatasi ya Bubu. Bubu ni msichana wa dawati la pembeni, ndiye aliyepewa jina hilo na wenzake kwa sababu hasemi. Ukimwita jina anasimama, ukimuuliza anainama. Madaftari yake ni masafi kuliko yangu: anakopi ubao neno kwa neno, hati imenyooka, kila kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Nilidhani huyu ndiye atakayeniokoa. Kwenye jaribio amenakili maswali yote, kwa ile hati yake nzuri, na hakujibu hata moja.

Jumatatu, 21 Septemba

Mvua imeanza. Stoo haina dari, ni bati tupu. Hakuna kilichofundishika.

Jumanne, 22 Septemba

Mvua. Nimeandika ubaoni habari fupi wasome wenyewe. Wakili ameniambia kwa ishara za mikono kwamba analipinga zoezi hili. Nimecheka, kwa bahati mbaya akaniona.

Jumatano, 23 Septemba

Leo imenyesha mvua ya kupigana. Bati lilikuwa linaunguruma, hata ukipiga ukelele aliye mbele yako hakusikii. Nilikaa mezani nikiwatazama wakisoma, au wakijifanya kusoma, na macho yangu yakaangukia kwa Bubu.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Mwanzoni nilifikiri anatafuna kitu. Nikasogea taratibu nyuma yake, nikainamisha kichwa. Alikuwa anasoma. Anasoma kwa sauti, sauti nzima, si ya kuiba, kidole kikifuata maneno. Alijua hakuna atakayemsikia. Alikosea hapa na pale, akarudi nyuma, akalirudia neno mpaka likakaa sawa. Alipomaliza aya, akatabasamu peke yake.

Mvua ilikatika ghafla, kama kawaida yake. Neno lake la mwisho likabaki linaelea darasani peke yake. Kila mtu akageuka. Bubu akafunga mdomo na kuinama, na mimi nikajifanya nafuta ubao.

Ijumaa, 25 Septemba

Nimembakisha baada ya kengele. Nilikaa dawati la pembeni yake nikatazama mbele, kwa sababu ukimtazama usoni anaganda.

Ndipo akasema, "Nikisoma kimya hayaingii, mwalimu. Nikijisikia, yanaingia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na mbona hukusema?"

Akasugua dawati kwa kidole gumba. "Shule ya msingi nilikuwa nasoma kwa sauti. Mwalimu akanipiga rula ya mdomo. Akasema mdomo ni wa kulia chakula."

Tangu hapo akaunyamazisha. Amepanda darasa baada ya darasa kwa hati nzuri, na walimu wote, nami nikiwemo, tulitazama hati tukapiga alama ya vema. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Mdogo wangu aliponiuliza nimepatwa na nini, nilimkaripia. Akaniletea chakula bila neno.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimetunga sheria mpya: ndani ya Stoo hakuna kusoma kimya. Kila mtu anong'one. Anayefumba mdomo anatoka nje.

Wakili akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa miaka yote tumepigwa kwa kuongea darasani."

"Leo utapigwa kwa kunyamaza."

"Nakubaliana na uamuzi wa mahakama," akasema, na kwa mara ya kwanza akafungua kitabu.

Walianza kwa kucheka. Baadaye wakazoea, Stoo nzima ikawa inavuma kwa chini kama mzinga. Nilipita kati ya madawati nikisikiliza. Yule aliyempiga mwalimu wa zamu anasoma kama mtu anayepanda ngazi gizani. Yule mama kijana anasoma vizuri tu, anachokosa ni usingizi. Na Bubu alikuwa ananong'ona mbele ya watu bila mvua ya kumficha. Nilitoka nje kidogo nikajifuta macho kwa ncha ya mtandio, nikarudi.

Jumanne, 29 Septemba

Mkuu amenipitia dirishani. "Kesho napeleka yale majina ya chumba cha peke yao. Mara ya mwisho, mwalimu."

Nilimfikiria Bubu. Nilifikiri sana, nikiri hapa. Halafu nikafikiri jinsi jina lake litakavyosomwa chumba cha walimu na mwalimu wa hesabu atakavyocheka, na jinsi ambavyo wiki hii ndiyo ameanza kukaa mgongo umenyooka. Nimwandikishe ana kasoro, wiki hii? Nikasema hakuna.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mvua. Wote wamekuja. Wote!

Ijumaa, 2 Oktoba

Jaribio la pili. Bubu amepita. Alama yake si ya kutangazia watu, lakini amejibu, na majibu ni yake. Kwenye swali la "mhusika huyu ana sifa gani" ameandika: "Ana aibu ambayo si yake." Nimekaa na karatasi hiyo muda mrefu.

Nilipomrudishia alisoma alama kwa kunong'ona, akaisoma tena, akaikunja karatasi akaiweka ndani ya soksi. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kulipwa vizuri kama leo.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kaka yake Bubu amekuja shuleni. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Ni fundi wa makochi, na nyuzi za kitambaa zimemganda kwenye sweta. Hakukaa nilipomkaribisha kiti, alikitazama tu jinsi kilivyopigwa misumari akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nisikufiche. Oda ni nyingi na mashine moja imesimama haina mtu. Nimemvumilia huyu miaka yote, kila mwaka anafeli. Akipita huo mchujo, namwacha amalize, naapa. Asipopita, Jumatatu yake yuko kwenye mashine."

"Atapita."

"Mmeshaniambia hivyo wangapi," akasema.

Nimemwona mtu mgumu. Nimemwambia tena kwamba atapita, kwa sauti ya juu kidogo.

Jumatano, 7 Oktoba

Nilikuwa namsimulia mdogo wangu jinsi Stoo inavyonong'ona, jinsi hata mwalimu wa hesabu aliposimama mlangoni leo hakucheka. Nikamwigizia Wakili na mikono yake. Akawa anacheka, halafu akaacha.

"Na kwenye mtihani, dada?"

"Watanong'ona polepole."

"Inaruhusiwa?"

Nikamwambia asuke nywele, ualimu aniachie mimi. Akasuka. Ila hiyo kauli nakwenda kulala nayo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimewaambia wapunguze sauti. Wapumue tu maneno. Wengine wanaweza. Bubu, akipunguza, anapotea. Nimemwambia akae dawati la mbele kabisa siku ya mtihani, asikilize sauti yake mwenyewe tu, asichanganywe na za wenzake. Akaitikia kwa kichwa. Ananiamini mno.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi, hakuna tone. Kesho mchujo.

Jumanne, 13 Oktoba

Naandika mchana huu huu, nisije kesho nikajipunguzia.

Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia shuleni. Upepo hakuna. Mawingu yalining'inia juu ya bati yakakataa kunyesha. Mchujo husimamiwa na walimu wa shule nyingine, na wenye darasa hatuingii, kwa hiyo nilisimama kwenye korido, karibu na dirisha la Stoo, najifanya naangalia ubao wa matangazo. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyo na kelele. Alisoma masharti kwa sauti nzuri: asiyetulia ataonywa, ataonywa mara ya pili, mara ya tatu anatoka na karatasi yake inafutwa.

Walianza. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu nikausikia. Kule nyuma walikuwa wanapumua maneno viganja vikiwa mdomoni, kama nilivyowafundisha, na ungeweza kudhani ni karatasi zinazogeuzwa. Lakini mbele kulikuwa na sauti moja, ndogo, safi, inayosoma swali la kwanza.

"Binti, tafadhali," msimamizi akasema.

Bubu akafunga mdomo. Nilimwona ubavuni, kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye mstari na kurudi, kinakwenda na kurudi. Alijaribu. Mungu ni shahidi alijaribu, mpaka nikaona mshipa wa shingo umesimama. Kisha midomo ikaanza yenyewe.

"Mara ya pili, binti. Unawasumbua wenzako."

Hapo nilipaswa kuingia. Nilipaswa kusema, mama, huyu haongei na mtu, huyu anasoma. Mguu wangu ulinyanyuka. Nikakumbuka kwamba mwalimu wa darasa akiingia, karatasi za chumba kizima zinafutwa, na chumba kizima ni Stoo yote. Nikaurudisha mguu chini.

Bubu alianza kulia bila sauti. Machozi yalidondokea karatasi, akayafuta kwa mkono wa sweta, wino ukachafuka kwenye ile hati yake nzuri. Alisoma tena. Nilisikia maneno matatu, "eleza kwa nini", na msimamizi akasimama mbele yake akachukua karatasi, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi. Hakumfokea. Angemfokea ningempata wa kumchukia.

Alipotoka mlangoni alinikuta nimesimama. Akanipita. Bubu ametolewa kwenye mtihani kwa kosa la kuongea. Wapo watakaoifanya kichekesho hii.

Alipofika langoni, mvua ikashuka.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu, nilikuuliza mara ngapi?"

Nikaitazama ile miwani mkononi mwake.

"Kile chumba kilikuwa chake. Angesoma kwa sauti mpaka majirani wakasikia, na hakuna ambaye angemgusa."

Najua. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, lakini mjukuu huyu amenijia, amekaa mapajani na hataki kushuka.

Alhamisi, 15 Oktoba

Ofisi ya mitihani. Foleni, kisha dirisha, kisha foleni nyingine. Afisa ni kijana, ana kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani.

"Jina lake limo kwenye waombaji wa chumba maalumu?"

"Halimo. Kosa ni langu."

"Basi ni mtahiniwa wa kawaida, na mtahiniwa wa kawaida hatoi sauti."

"Mwanangu, anasoma. Hiyo ndiyo namna yake ya kusoma."

"Mama, nakuelewa," akasema, na nadhani kweli alinielewa. "Lakini ulisema hana shida."

Ijumaa, 16 Oktoba

Mkuu amekwenda mwenyewe huko ofisini bila kuniambia. Amerudi amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati, akapita chumba cha walimu akanitazama, akatikisa kichwa. Mtu huyu nimemsema vibaya miaka mingi.

Mchana Wakili alinifuata kwenye korido. Sikuwa na nguvu ya ubishi wake, nikamwambia aende. Hakwenda.

"Mwalimu, wote tulikuwa tunanong'ona. Msimamizi alimsikia yeye kwa sababu alikaa mbele."

"Najua. Mimi ndiye niliyemweka mbele."

"Mimi nabishana na kila mtu. Nabishana na konda, nabishana na mama yangu mzazi." Akaligeukia dirisha la Stoo. "Siku moja tu iliyotakiwa nibishe, nimenyamaza."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nje nimenyamaza. Nikamshika bega tu. Nilikuwa simpendi kijana huyu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Kaka yake Bubu amekuja kumchukua. Nilijiandaa kwa maneno makali, nikayataka kabisa. Hakuwa nayo. Amevaa shati safi leo, lile la kwendea kanisani au msikitini au kwenye msiba.

"Nilikuwa nimeshamnunulia viatu vya mtihani," akasema. "Sikumwambia mtu. Nilijiambia huyu mwalimu anaonekana ana hakika."

Bubu alipanga madaftari yake kwenye mfuko, moja moja, akayanyoosha kona. Stoo nzima ilikuwa inamtazama, na hakuna aliyenong'ona. Akanipa mkono kama mtu mzima. Walipotoka nilisimama mlangoni mpaka wakapinda kona. Kisha nikarudi kufundisha, kwa sababu kengele ilikuwa haijalia.

Ijumaa, 23 Oktoba

Matokeo ya mchujo. Stoo wamepita zaidi ya nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mkuu amenitaja mstarini, watoto wamepiga makofi. Mwalimu wa hesabu amenipa mkono na kuniomba nimweleze njia yangu. Nikamwambia nina homa, nikaenda kukaa chooni mpaka mstari ukaisha.

Wakili amepita.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimeuliza tena kuhusu vyumba vya peke yao kwa waliobaki. Muda umepita. Maneno ni yale yale, dirisha ni lile lile.

Jumanne, 27 Oktoba

Leo nimefanya nililolikwepa wiki nzima. Nimesimama mbele ya Stoo nikawaambia sheria imebadilika. Kuanzia leo, hakuna kunong'ona. Mdomo ufungwe, ulimi ukae. Atakayetoa sauti atatoka nje.

Nilimtazama Wakili nikimwomba kimoyomoyo abishe. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Ijumaa, 30 Oktoba

Wameshika haraka. Wakifunzwa kunyamaza watoto hawa ni hodari, wamefundishwa maisha yao yote. Stoo imekuwa kama darasa lolote. Mkuu amepita dirishani akaniinulia kidole gumba.

Nimewapa habari ya kusoma kimya, kisha maswali. Yule aliyempiga mwalimu wa zamu amenirudishia karatasi aliyoandika jina lake tu.

Jumanne, 3 Novemba

Nimemwambia mdogo wangu naacha ualimu. Hakunitania. Akasema, "Nani atawafundisha?" Nikamjibu mtu yeyote, hata mwalimu wa hesabu. Akasema, "Haya," akanikandamiza kichwa kifuani kwake, mikono ikinuka mafuta ya nywele. Mimi ndiye mkubwa.

Jumatatu, 9 Novemba

Mtihani wa taifa. Jua kali. Sikusimama kwenye korido. Nimekaa jikoni mwa shule nikiwasaidia wapishi kuchambua mchele, nikamaliza, nikauchambua tena.

Walipotoka, Wakili alinitafuta. "Mwalimu, nimetulia. Nimetulia mpaka mwisho."

"Umejibu?"

Akatazama viatu vyake. "Maswali mengine nilikuwa nayaona, lakini hayaingii."

Ijumaa, 20 Novemba

Mtihani umekwisha. Stoo imefagiliwa. Hakuna aliyetolewa, hakuna aliyeonywa hata mara moja. Matokeo yatatoka mwakani, na nayajua.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimekwenda kwenye karakana ya makochi. Nimeahirisha kwa wiki nyingi, nikitoa sababu za mvua.

Ni banda refu, sponji zimerundikwa mpaka darini, harufu ya gundi inachoma pua. Kaka yake alikuwa anapigilia mgongo wa kochi. Aliponiona alitua nyundo, akasema yuko kule nyuma, karibu mwalimu, angalia misumari. Bubu alikuwa kwenye mashine anashona foronya za viti, amejifunga kitambaa kichwani. Akainua macho.

"Mwalimu!" akaita, kwa sauti, na nilishtuka.

Aliniletea kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakatawanyika. Nikamwambia kilichobaki: kwamba chumba kilikuwepo, kwamba niliulizwa mara mbili nikasema hakuna, kwamba ni mimi niliyemfundisha kunong'ona na ni mimi niliyemweka mbele. Nikamwomba anisamehe.

Alisikiliza huku akizungusha kibonge cha uzi. Alikasirika, niliona, uso ulikaza, na nilishukuru. Mwisho akasema, "Ungenifundisha nini, mwalimu? Kunyamaza? Hiyo nilikuja nayo."

Kule mbele nyundo iliendelea kugonga. Akapunguza sauti.

"Na wenzangu? Kwenye mtihani, walinong'ona?"

Alinitazama usoni, yeye aliyekuwa haniangalii. Nikasema walinong'ona.

"Wote?"

"Wote."

"Na hawakutolewa?"

"Hakuna aliyetolewa."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake, hata kaka yake alichungulia. "Basi mimi nilitangulia tu," akasema. "Baada yangu wakawaachia."

Nikasema ndiyo, wakawaachia. Akarudi kwenye mashine, bado anatabasamu, na mimi nikakaa kwenye kigoda chake nikamtazama akishona mpaka gundi iliponitoa machozi, au ndivyo nilivyomwambia kaka yake aliponiuliza.